Pudini ya Anti Mumbua Ilivyovikwa Chokoleti

Juzi nilikuwa napanda barabara ya Chaussée d'Ixelles, hapa Brussels, mikono mifukoni, mlango wa duka moja la chokoleti ukafunguliwa mbele yangu na harufu ikanipiga usoni. Ya kwanza ilikuwa ya chokoleti yenyewe, na hiyo katika mji wetu si habari. Lakini nyuma yake, kama mgeni aliyechelewa ibada na anayeingia akiinama, ikaja harufu nyingine: karafuu, ganda la chungwa, zabibu kavu zilizolala muda mrefu ndani ya pombe kali. Nikacheka peke yangu, kwa sauti, katikati ya watu. Bwana mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alimvuta mbwa wake karibu. Yeye nisingeweza kumweleza. Nyinyi nitawaeleza.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa na tuliishi Koekelberg, ghorofa ya juu kabisa, mahali ambapo kutoka kibarazani uliona kuba la kijani la basilika. Mama alilitumia kuba hilo kupima hali ya hewa: likionekana, nguo zinaanikwa nje, lisipoonekana, zinaanikwa bafuni. Alikuwa mtu wa Bukavu, Kongo, na alifanya kazi ya kuwatunza wazee katika nyumba moja ya wazee kule Woluwe-Saint-Lambert. Papa alikuwa akipanga mizigo ghalani siku za kazi, na Jumapili alikuwa shemasi wa kanisa letu, lililokusanyika katika ukumbi wa kukodi. Kuhusu pombe, papa hakuwa na mzaha. Hata dawa ya kikohozi aliisoma maelezo yake kwanza, miwani ikiwa puani, kabla ya kukubali kuinywa kidogo kidogo.

Na alikuwepo Tonton Déo, mdogo wake mama. Katika ndugu zake wote, huyu ndiye pekee aliyefika huku. Mama alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, na ukimwangalia akimtengea chakula ungedhani bado hajamtua. Mama alikuwa amemchagulia mchumba: msichana wa kwaya, wa Bukavu, mwenye sauti ya pili nzuri. Tonton akaenda kujifunza Kiholanzi darasa la jioni, hakujifunza Kiholanzi, akarudi na Mumbua.

Anti Mumbua alitoka Machakos, Kenya, na alikuwa akilea watoto wa familia moja ya Waingereza hapa Brussels. Mara ya kwanza alipokuja kwetu alisimama mlangoni, akafungua mikono yote miwili, akasema kwa furaha, "Wifi!"

Kwa Kiswahili chake, wifi ni dada wa mume. Katika Kiswahili chetu cha nyumbani neno hilo halikuwepo kabisa. Kwetu wifi ilikuwa kile kisanduku chenye taa za kijani nyuma ya televisheni. Papa, ambaye ni mtu mkarimu, akapiga magoti nyuma ya televisheni na kuanza kumsomea mgeni nenosiri: "B kubwa, sept, sept, k ndogo..." Anti alibaki mlangoni na mikono yake wazi, mama akimtazama kwa kuchanganyikiwa, hadi mikono ile ikachoka na kushuka yenyewe.

"Yeye anasemaka Kiswahili ya ku radio," mama alimwambia papa jikoni baadaye. "Miye minangoja tu aanze kusoma habari."

Wakaoana, wakapata chumba chao, na wakawa wanakuja kwetu mara chache, wakikaa kwenye ukingo wa kiti kama watu wanaongoja kuitwa kwa daktari. Mama alimwita "bibi ya Déo", yaani mke wa Déo, hata akiwa amekaa palepale. Kisha mwaka ule Tonton akamwomba mama tule Krismasi pamoja, sote, kama familia. Mama alikubali. Alisonga fufu, akapika sombe ya majani ya muhogo, makemba, zile ndizi kubwa, ya kukaanga, samaki na kuku, wingi ambao ungelisha kwaya yote pamoja na yule wa sauti ya pili.

Anti alifika amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe, akikibeba kama mtoto anayetoka hospitali. Alikiweka mezani, akafungua fundo, na sote tukainama kuangalia. Kilikuwa cheusi. Kiling'aa. Kilikuwa na umbo la bakuli lililopinduliwa na kilikuwa kizito kiasi kwamba meza ilitoa mlio mdogo.

"Pudini ya Krismasi," alisema Anti. "Nimeipika tangu Novemba."

"Tangu Novemba?" mama akauliza.

"Ndiyo, wifi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa tamu."

Mama, ambaye chakula cha jana alikichemsha mara mbili kabla ya kukiamini, alinitazama. Tukala, tukashukuru, sahani zikaondolewa, na ndipo Anti akaomba taa zizimwe.

Tulikaa gizani tukidhani ni maombi. Papa hata akainamisha kichwa. Tukasikia kijiko kikigonga kitu, njiti ya kiberiti ikikwaruzwa, na ghafla pudini yote ikawaka moto wa buluu, moto unaotembea, unaopanda na kushuka pembeni mwa lile jiwe kama roho inayotafuta mlango.

"Yesu!" mama akapiga kelele. "Tosha! Tosha iyo moto!"

Hapa inabidi niwasimamishe kidogo, maana hapa ndipo nyumba yetu ilipokaribia kuungua kwa sababu ya sarufi. Kwa watu wa Bukavu, kutosha kitu ni kukiondoa. Mama alikuwa anasema: uondoe moto huo! Lakini kwa mtu wa Machakos, tosha ni tosha. Anti alisikia mwenye nyumba mpole akimwambia kwamba moto huo unatosha, asijisumbue zaidi.

"Bado haujatosha, wifi," alijibu kwa adabu. "Ngoja niongeze kidogo."

Akaongeza.

Moto uliruka. Mama akapiga yowe. Papa, ambaye alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye maombi na kukuta meza yake inawaka kwa rangi ambayo hajawahi kuiona, alinyakua kitu cha kwanza chenye maji kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa jagi zima la juisi ya maracuja, yaani pasheni. Akalimwaga lote. Pudini ililia *tsssss*, ikatoa moshi kama gari lililochemka njiani, na Tonton alipowasha taa tulikuwa sote tumesimama, papa na jagi tupu mkononi, Anti na kijiko mkononi, juisi ikitiririka kutoka mezani hadi kwenye viatu vipya vya Anti.

"Ndivyo inavyofanywa," Anti alisema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa izimike yenyewe."

Tulionja kwa heshima. Mama alimeza kijiko kimoja kama kidonge cha malaria. Mimi nilitafuna zabibu moja muda mrefu sana. Papa alikuwa ameshainua kijiko alipokumbuka kuuliza ni maji gani hayo yanayoshika moto.

"Ni brandy, shemeji. Kidogo tu."

Papa akashusha kijiko mezani taratibu, kama mtu aliyezungukwa na polisi anayeweka silaha chini. Tonton peke yake alikula kipande kizima, kwa ujasiri, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Anti alitabasamu kwa mdomo tu. Waliondoka mapema, na pudini ikabaki mezani, imepungua pembe moja ndogo, ikitazamana na sisi.

Kesho yake Tonton alipiga simu. Mama alikuwa na mikono kwenye unga, kwa hiyo nilimshikia simu karibu na sikio na nikasikia yote.

"Yaya, Mumbua alilia mu gari," alisema Tonton. Kwetu yaya ni dada mkubwa. "Njia yote. Anasema alikuharibia fête."

"Alilia?"

"Alilia. Anasema hataweza kurudia kwako tena, iko na haya."

Niliona uso wa mama ukibadilika, na sikuelewa wakati ule kwamba alichosikia si kilio cha Mumbua. Alichosikia ni mlango: mke akiona haya kuja, mume naye ataanza kuchelewa kuja, kisha ataacha.

"Déo, sikia," alisema haraka. "Umuambie ilikuwa bon. Umuambie tulikula yote. Hata mu sahani hamukubakia kitu."

Nilitazama friji. Friji ilikuwa imejaa pudini.

"Vrai? Kweli?"

"Vrai vrai! Papa Sifa njo alimaliza ya mwisho."

"Eh, aksanti Yaya! Atafurahi sana. Donc tutakuja ku Bonne Année."

Simu ilipokatika mama alifungua friji, akaiangalia pudini, nayo ikamwangalia. "Sifa," aliniambia, "hii jiwe tutaipeleka wapi?"

Watu wengine wangeitupa. Mama hakutupa chakula. Hilo hakulifundisha wala kulihubiri. Ndivyo tu mikono yake ilivyofanya kazi. Kabla ya Brussels kulikuwa na kambi, na kabla ya kambi kulikuwa na barabara, na huko alikuwa amejifunza kutazama ganda la mkate na kuona chajio. Lakini kuila pia hatukuweza. Papa hakutaka hata kufungua friji. Aliomba nimtolee maziwa yake. Mama alijaribu kuipeleka kazini, mkuu wake akasema wazee wanakunywa dawa na dawa hazipendi brandy. Akaweka kipande kibarazani kwa ajili ya njiwa. Njiwa mmoja mnene alitua, akakizunguka, akakidonoa mara moja, akatikisa kichwa na kuondoka kwa miguu. Sijui kama mmewahi kuona njiwa akiondoka kwa miguu. Ni tusi kubwa.

Aliyetuokoa ni bikizee mmoja pale kazini kwa mama, ambaye zamani yeye na mumewe walikuwa na duka la keki. Mama alikuwa akimchana nywele na kumsimulia masaibu yake, na yule bibi akacheka mpaka mama akashindwa kushika kitana. Akamwambia kwamba kwenye duka lao, mabaki ya keki hayakuwahi kuona pipa. Unayasagasaga, unayachanganya na chokoleti iliyoyeyushwa, unaviringisha vidonge vidogo, unavipitisha kwenye unga wa kakao, na tayari una trufi, unaziuza kwa watu wenye makoti ya manyoya. "Ukishaweka chokoleti juu," alisema, "katika nchi hii hakuna atakayekuuliza kitu."

Na chokoleti tulikuwa nayo. Kila Desemba, familia za wale wazee humshukuru mama kwa maboksi ya chokoleti, kila moja, kana kwamba wamekubaliana. Kabati letu la juu lilikuwa zito kwa shukrani.

Siku mama alipopata mapumziko, papa akiwa kazini, tulifunga mlango kwa ufunguo kama watu wanaotengeneza pesa bandia. Mama aliikata pudini vipande na kuviponda kwa uma katika sufuria kubwa ya fufu. Ilikuwa kazi. Pudini ile ilipigana. Ndani yake kulikuwa na lozi, matunda makavu, vitu vigumu visivyojulikana, na maracuja ya papa ilikuwa imezama hadi katikati. Tuliyeyusha chokoleti kwenye bakuli juu ya maji ya moto, tukamimina krimu, na mama akakoroga kwa mwiko wake wa fufu, miguu ameipanua, akitoa pumzi kwa kila mzunguko. Kisha akachovya kidole na kulamba. Alisimama. Akalamba tena.

"Pima," aliniambia, ambayo kwa Kiswahili chetu ni kuonja kidogo, kujaribu. Nikapima.

Jamani. Sijui niseme nini. Ule uchachu wa maracuja ulikuwa umekutana na chokoleti na karafuu, vikapatana kama majirani wa zamani. Kilichokuwa adhabu kilikuwa kimegeuka sikukuu. Mama alinitazama kwa macho makubwa, nami nikamtazama, vinywa vyetu vikiwa bado na kazi.

Sufuria tuliiweka kibarazani ipoe, mimi nikiwa mlinzi, maana yule njiwa alikuwa amerudi na sasa alionekana kujuta. Halafu tukaanza kuviringisha. Mikono yangu ilikuwa ya moto na chokoleti iliyeyuka vidoleni, hivyo mama alinituma bombani kila mara niipoze kwa maji baridi. Yeye aliviringisha kwa namna ya ajabu, polepole, akikirudia kila kidonge hadi kiwe duara kamili, akikiinua kwenye mwanga wa dirisha na kukirudisha viganjani kama hakijamridhisha. Vyangu vilitoka na pembe. Alivichukua na kuvirekebisha kimyakimya. Niliona kimoja kina kitu kigumu ndani, nikadhani ni lozi, nikakiviringisha hivyohivyo. Mara moja nilipiga chafya juu ya sahani ya kakao, jiko likawa kama barabara ya Bukavu wakati wa kiangazi, na mama, akiwa na uso wa kahawia na kope za kahawia, hakunigombeza. Alisema tu, "Bon. Sasa tumefanana."

Mwisho akatoa boksi tupu la rangi ya dhahabu, lililokuwa na utepe wake bado, akazipanga trufi ndani yake, kila moja kwenye karatasi yake ndogo. Ungeapa zimetoka dukani.

Siku ya Mwaka Mpya walikuja. Anti alikuwa amevaa gauni la kitenge, na aliingia akitazama sakafu. Mama alimkaribisha kwa maneno mengi kupita kawaida yake, na tulipomaliza kula alileta boksi la dhahabu na kulifungua katikati ya meza.

"Hizi njo chokola banatupatiaka ku kazi," alisema. "Kamata, kamata."

Tonton alichukua moja na kufumba macho. Papa alichukua moja, kisha moja kwa ajili ya ile ya kwanza isiwe peke yake, kisha akalisogeza boksi upande wake. "Mais Mama Sifa," alisema, "hii iko ya duka gani? Hii si ya kila siku." Anti aliuma nusu ya trufi yake. Akatafuna polepole sana. Akaangalia nusu iliyobaki, akamwangalia mama, na mama akapata kazi ya ghafla ya kupangusa meza ambayo ilikuwa safi.

Hapo ndipo tuliposikia *krak*.

Papa alishika shavu. Akatoa leso, akatema kitu ndani yake kwa adabu, na kukifungua mbele yetu sote. Ndani kulikuwa na kipande kidogo cha jino lake, na kando yake kuku. Ndiyo, kuku: kuku mweupe wa kauri, si mkubwa kuliko punje ya haragwe, mwenye mdomo mwekundu, akiwa amekaa kwenye mate ya papa kwa utulivu mkubwa.

"Banatiaka kuku mu chokola?" papa akauliza.

Papa akasimama. Alipokuwa amekasirika Kifaransa chake kilinyooka, akatangaza kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba yeye ni mteja, kwamba mteja ana haki, na kwamba duka likifunguliwa tu atakwenda na boksi, na jino, na kuku, na watamweleza. Akaanza kutafuta jina la duka chini ya boksi. Mama alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Mimi nilitamani sakafu ifunguke tudondoke kwa majirani wa chini.

"Shemeji, keti," alisema Anti Mumbua.

Alinyoosha mkono, akamchukua yule kuku kutoka kwenye leso, akampangusa kwa ncha ya gauni lake.

"Usiende dukani. Huyu kuku ni wangu. Nilimtia mimi mwenyewe ndani ya pudini. Pale ninapofanya kazi ndivyo wanavyofanya, wanaficha kitu, na atakayekipata ana bahati mwaka mzima. Siku ya Krismasi nilitaka kuwaambia, lakini..." Alionyesha jagi kwa kidevu.

Papa aliangalia boksi. Akamwangalia mkewe. Nikaona wazo likimwingia taratibu, kama lori linalorudi nyuma.

"Donc hizi chokola..."

"Tumezitengeneza sisi," alisema Anti. "Mimi na wifi. Mimi nilianza, yeye akamalizia."

Niwaambie, nilimkodolea macho. Nilikuwa nimefundishwa kwamba watu wazima hawasemi uongo, na nikajaribu kutafuta uongo ulipo katika maneno yale, nikaukosa.

"Lakini Yaya," Tonton akasema, "si ulisema mulikula yote?"

"Sasa si ndiyo tunaila?" Anti akajibu kabla mama hajafungua mdomo, na akatia nusu ya pili ya trufi mdomoni.

Papa alikuwa bado amesimama, na sasa uso wake ulikuwa umejaa hofu ya aina nyingine. "Ile pudini yenye pombe?" alinong'ona. Alikuwa amekula nyingi, jamani. Karatasi ndogo zilikuwa zimejaa mbele yake kama majani yaliyopukutika.

"Pombe gani, shemeji?" Anti aliuliza kwa mshangao mtakatifu. "Pombe iliungua yote. Iliyobaki uliizima wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Papa aliketi. Akatazama dari muda mrefu, kama mtu anayesubiri jibu la swali gumu. Kisha akanyoosha mkono, akachukua nyingine, na kuitafuna kwa upande wa meno mazima. "Ni kweli," alisema. "Miye njo nilizima."

Mama alikusanya sahani ambazo hazikuhitaji kukusanywa. Alipofika mlango wa jikoni aligeuka, na kwa mara ya kwanza nikasikia neno lile likitoka mdomoni mwake, likiwa na lafudhi ya Bukavu, zito kidogo, kama kiatu kipya:

"Wifi. Kuya unisaidie."

Anti akainuka. Mlango ukafungwa. Kwanza ikaja sauti ya mama ya chini, maneno ambayo sikuyashika, kisha sauti ya Anti ikiuliza, "Njiwa? Kwa miguu?" Halafu ukaja mlipuko wa kicheko, sauti mbili, na mlio wa sufuria ikianguka. Nilipochungulia, walikuwa wamekaa sakafuni, migongo kwenye friji, kila mmoja ameshika mkono wa mwenzake ili asianguke, ingawa walikuwa wameshaanguka.

Tangu hapo kila Novemba Anti hupika pudini, na hakuna mtu anayejisumbua kuiwasha moto. Inaletwa kwetu moja kwa moja kupondwa. Papa humimina maracuja, kwa kijiko, kwa heshima, kwa sababu anadai ndiye aliyegundua. Kuku tumeacha kumtia. Jino la papa bado lina pengo lake, na huwaonyesha wageni bila kuulizwa.

Kwa miaka mingi niliikumbuka siku ile kama hadithi ya mama aliyekaribia kukamatwa na Anti aliyemnusuru kwa akili. Mwaka jana tu, tukiwa kwa Anti tunaosha vyombo, mimi sasa ni mtu mzima mwenye wakwe zangu mwenyewe na hofu zangu za kupeleka bakuli mezani kwao, ndipo nilipomuuliza kwa nini siku ile ya kwanza alileta pudini, kati ya vyakula vyote duniani.

"Ningeleta nini, Sifa?" alisema. "Ningeleta chapati, wangesema za mama yako ni laini zaidi. Ningeleta kuku, ndiyo usiseme kabisa. Nikaona nilete kitu ambacho hakuna mtu katika nyumba ile ameshawahi kukionja, wasipate cha kulinganisha. Mimi mwenyewe siipendi. Seriously, nani anaipenda ile kitu?"

"Na ulipomwona yule kuku hukukasirika?"

"Nilijua kabla ya kuku. Nilijua nilipouma ya kwanza, ile karafuu niliitia kwa mkono wangu." Alisugua sahani kidogo. "Nilitaka kukasirika. Halafu nikaziangalia zilivyokuwa. Duara, zote sawasawa, zimepangwa kama mayai. Nikajiambia, mwanamke huyu amekaa siku nzima ameshika pudini yangu mikononi. Angekuwa hanitaki, angeitupa mara moja, na nani angejua?"

Niliondoka na maneno hayo hadi Koekelberg. Nilimkumbuka mama akiinua kila kidonge kwenye mwanga wa dirisha, akikirudisha viganjani, akirekebisha hata vile vyangu vyenye pembe. Nilikuwa nimeketi kando yake saa zote zile nikidhani anaficha kitu. Sikuwa nimeona kwamba wanawake wawili waliokuwa wakiogopana kuliko walivyochukiana walikuwa tayari wameanza kuzungumza, kila mmoja kupitia bakuli lile lile, miye nikiwa na kakao puani.

Mama nilimkuta jikoni akimenya makemba. Nikamwambia kila alichosema Anti, neno kwa neno.

"Miye?" alisema, kisu hakikusimama. "Miye sikutaka tu kutupa chakula."

Akamenya kemba moja, akamenya nyingine. Kisha akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Lakini usimuambie."